Maua Yasiyonuswa

Kazi ya kumhudumia yule mzee niliipata Columbus mwaka wa 2015, baada ya kuchoka na Louisville. Watu wa Louisville hawakunikosea. Nilichoka na ghala, na kubandika karatasi kwenye maboksi mpaka vidole vikaota sugu. Mume wangu alikuwa na ndugu Columbus, tukahama, na ofisi inayotafutia wazee wasaidizi ikanipa nyumba moja: mzee wa Kihindi, amepita themanini, mjane, mikono inatetemeka. Anakaa na mtoto wake wa kiume ambaye hutoka asubuhi na kurudi jioni. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumvisha, kumpikia uji, na kumzuia asianguke.

Siku ya kwanza aliniuliza kwa Kiingereza ninatoka wapi. Nikasema Kongo, Uvira. Akasema kwa Kiswahili, "Karibu, mama. Umekula?"

Nilikaa chini bila kuambiwa. Kumbe ujanani alifundisha hesabu Tabora, miaka kumi na moja. Kiswahili chake kilikuwa cha ubaoni, kila neno limesimama wima, na changu cha Kivu kilimkera tangu saa ya kwanza. Alikuwa akinisahihisha huku nimepiga magoti namvisha. Nikamwambia, "Bon, Mwalimu, miye sikuja kusoma. Leta mguu." Akacheka, akaleta mguu. Tangu hapo nikamwita Mwalimu, naye akaniita mama, ingawa ningeweza kuwa mtoto wake.

Alikuwa anaandika kitabu. Nasema kitabu kwa heshima. Yalikuwa madaftari ya miraba, ya watoto wa shule, yamejaa mwandiko wa lugha yake unaozungukazunguka. Mikono ilipokuwa mibaya zaidi aliacha kuandika, akawa ananisimulia mimi tu wakati wa uji, na mimi nilikuwa nasikiliza nusu na kuangalia saa nusu. Ilikuwa historia ya watu wake. Si Wahindi wote, wala si Wahindu wote. Ni kikundi kidogo cha kusini kabisa mwa India, ambao kwa kuzaliwa tu ni watumishi wa hekalu. Jina lao, alisema, maana yake ni wakaao hekaluni.

Nyumba zao zilizunguka hekalu, na kila nyumba ilikuwa na kazi yake. Nyumba ya ngoma ilipiga ngoma. Nyumba nyingine iliimba kwenye ngazi, nyingine iliosha vyombo vya mungu. Nyumba ya akina Mwalimu ilifunga maua kuwa mashada ya kumvisha mungu. Makoja ya asubuhi, makoja ya jioni, kila siku, kwa vizazi ambavyo hakuna aliyevihesabu. Hawakulipwa mshahara. Walipewa wali uliokwisha kutolewa kwa mungu, na nguo mara mbili kwa mwaka. Hawakuruhusiwa kuingia chumba cha ndani alimo mungu mwenyewe. Walifika mlangoni, wakampa kuhani koja, wakarudi nyuma. Juu yao walikuwa makuhani. Chini yao walikuwa watu ambao hata njia ya kupita mbele ya hekalu walinyimwa.

Hilo la mwisho hakulificha. Alisema, "Tulisukumwa na sisi tukasukuma." Nikamwambia hiyo naijua, hata kwetu ipo, watu wanapangana kama vyombo kabatini. Alitaka nimwambie zaidi, nikamwambia ale uji.

Kulikuwa na hadithi nne au tano za asili yao, na zote zilisema jambo moja: babu yao wa kwanza alikuwa kuhani, halafu mwanamke mmoja akakosea, uzao wake ukashushwa daraja. Kila mara ni mwanamke. Nikamuuliza ni nani aliyeziandika hizo hadithi. Akanitazama kama mwanafunzi aliyetoa jibu lisilotarajiwa. "Makuhani," akasema. "Ndiyo maana naandika."

Halafu serikali ya kwao ikagawa mashamba, hekalu likapoteza mashamba yake, wali ukapungua, ukaisha. Vijana wakaenda kufundisha, wakaenda maofisini, wakaenda Uarabuni. Yeye akaenda Tabora. Na dada yake akabaki akifunga maua, kwa sababu kwao kazi ile ilipita upande wa wanawake. Mtoto wa mwanamume ni wa ukoo wa mama yake, si wa baba. Kwa hiyo mtoto wake mwenyewe, yule anayelipa nyumba, hakuwa na haki ya kufunga hata ua moja kwa jina la nyumba ile. Mrithi alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake. Dada alikuwa amekufa. Binti alikuwa Buffalo, daktari wa figo, hana nafasi.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Fundo la nyumba yao, jinsi ya kulaza vikonyo na kuzungusha uzi na kukaza kwa kidole gumba, lilibaki kwenye mikono miwili, na hiyo mikono miwili ilikuwa inatetemeka. Alitaka binti aje ajifunze kabla haijashindwa kabisa. Kila mwezi alimpigia simu, na kila mwezi binti akasema kwa Kiingereza mwezi ujao, mjomba. Mimi nilikuwa nimeshika simu sikioni kwake, kwa hiyo nilisikia. Nilimchukia yule binti kabla sijamwona. Mzee akikata simu anasema, "Ana kazi nyingi." Mimi nasema, "Asiyekuwepo na lake halipo." Hakupenda.

Columbus wana hekalu. Nilimpeleka mara nyingi, nikakaa kwenye viti vya nje pamoja na viatu. Siku moja aliwaomba wazee wa kamati ruhusa ya kufunga koja la sikukuu yao ya mavuno, mwisho wa kiangazi. Walikuwa watu wa adabu sana. Wakamwambia hakuna shida, mzee, kila mtu anaweza kuleta koja, kuna meza pale.

Tukarudi nyumbani, amekunja uso. Nikamuuliza si wamekubali? Akasema, "Wangenikataza ningeelewa. Kukataza ni kujua kwamba kuna haki." Mimi sikuelewa siku ile, nikamwona anajitafutia huzuni. Nikamvua viatu.

Lakini alikwisha kuamua. Koja moja, kwa sheria zote za nyumba yao, na mpwa wake awepo aone. Akampigia simu, na safari hii hakubembeleza. Alisema kwa lugha yao maneno machache, akanipa ishara nikate. "Atakuja," akasema.

Shida ilikuwa mikono. Alihitaji mtu wa kushika uzi na kukaza. Mtoto wake alikuwa safarini, na hata hivyo hakuwa na haki. Nikamwambia mimi nipo. Akasita, na nikaona kinachomsitisha. Akasema kwa upole kwamba huko kwao zamani mtu kama mimi asingegusa maua yale, wala asingekaribia.

Damu ilinipanda. Nikamwambia, "Miye ndiye ninakuogesha. Hakuna mahali kwa mwili wako sijagusa. Kama mkono yangu ni chafu, basi wewe ni muchafu toka mwaka jana." Nikaenda jikoni, nikagonga sufuria kidogo. Siku mbili tulisemezana mambo ya dawa na choo tu. Siku ya tatu, nikimfunga vifungo vya shati, akasema, "Uoge kwanza. Hapa hapa, kabla ya maua. Hata mimi naoga kwanza." Hiyo ilikuwa samahani yake. Niliipokea, lakini nilimwambia nitakuja na sabuni yangu.

Akanifundisha masharti. Sindano haigusi ua. Kutoboa ni kwa maua ya sokoni. Uzi usiguse sakafu. Usiruke juu ya kapu. Na kubwa kuliko yote, usiyanuse. Ua lililonuswa limekwisha kutolewa, limepewa pua yako, huwezi kulichukua tena ukampa mungu. Alipokuwa mtoto wa miaka sita, mjomba wake aliona pua yake inasogea kwenye kapu. Hakumpiga. Alimwaga kapu zima kwenye bwawa, akamrudisha bustanini aanze upya. Mzee wa themanini na kitu aliyasimulia hayo akiwa na aibu mpya kabisa.

Uzi uliotakiwa ulikuwa wa mgomba. Hapo nilicheka, kwa sababu mama yangu Uvira alifungia mafungu ya mboga za lengalenga kwa nyuzi za mgomba, na mimi nilizichana tangu sijaanza shule. Tatizo ni kwamba Ohio haina mgomba. Lakini Louisville, kule mtaa wa Iroquois, mama mmoja Mrundi niliyeimba naye kwaya alikuwa na migomba mitatu nyuma ya nyumba. Haizai. Kila majira ya baridi anaikata, anaifunika majani na blanketi kuukuu, na kila mwaka inaota tena. Nilikwenda Jumamosi moja na mume wangu.

Yule mama akaniuliza, "Yaani mgomba wangu unaenda kwenye sanamu?"

"Unaenda kwa mzee," nikasema. "Mzee ndiye anapeleka kwa sanamu."

Aliufikiria mgomba wake, akanifikiria mimi. "Kata. Hauzai hata hivyo. Lakini usimwambie mchungaji kwamba ni wangu."

Nilirudi na gome nusu mfuko, nikalichana, nikalianika. Nilipomwekea Mwalimu nyuzi mapajani alizipitisha vidoleni, moja moja. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Niliona furaha kubwa siku ile. Sikumwonyesha.

Tulifanya mazoezi wiki mbili kwa maua ya kununua supamaketi, na mara moja duka la Wahindi. Alizungusha, mimi nikakaza. Kazi ya uzi niliijua, lakini njia ya lile fundo sikuishika. Alilificha kwa kutetemeka, vidole vinarukaruka, huoni uzi unapopita. Alisema si kitu, mimi si wa kulijua, wa kulijua anakuja.

Maua yenyewe yalikuwa asumini. Duka la Wahindi liliyapokea kwa mfuko, asubuhi ya sikukuu. Nilitangulia kwake, nikaoga kwa sabuni yangu, nikaenda. Ulikuwa umebaki mfuko mmoja.

Sasa, mama yangu alinifundisha kununua kwa pua. Nyanya, samaki, unga, hata mafuta. Jicho linadanganywa, pua haidanganyiki. Na wiki iliyotangulia duka lile lile lilituuzia maua yaliyolala kwenye friji mpaka yakaota weusi, na Mwalimu alisononeka siku nzima. Kwa hiyo nilikuwa nimejiapiza kwamba leo hawaniuzii uchafu. Nikafungua mfuko, nikaingiza pua, nikavuta.

Yalikuwa mapya. Harufu ikafika kichwani, tamu, na ndipo nikakumbuka.

Nilisimama pale mpaka mtu akaniomba nipishe. Hakuna aliyeniona. Yaani aliyeniona hakujua. Mfuko ulikuwa mmoja tu. Nikalipa. Ndani ya gari nilijisemea mambo mengi: kwamba mimi ni Mkristo na yule si mungu wangu, kwamba ni maua, kwamba mzee ana siku hii moja. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa na hasira na mama yangu pia, Mungu amrehemu, na pua yake.

Sikusema. Nilimkuta amevaa kitambaa chake cheupe chenye ukingo wa dhahabu, amekaa kwenye mkeka. Mpwa wake alikuwa amekwisha kufika kutoka Buffalo, saa tano za barabara, mwanamke wa umri wangu, nywele fupi, macho mekundu ya uchovu. Alikuwa amekaa kwenye kochi na simu mkononi. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alikuwa amevua soksi na miguu yake imevimba kama ya mtu yeyote anayesimama kazini.

Tulifunga zaidi ya saa mbili. Yeye alizungusha, mimi nikakaza. Binti aliangalia, akajibu simu, akaangalia. Hakushika kitu. Mwalimu hakumlazimisha. Koja likarefuka, likawa mkono mzima, likawa mikono miwili. Sijawahi kumwona mtu anafurahi kimya namna ile, na kila fundo nililokaza lilinikaza mimi. Siri ya mtungi muulize kata. Mimi ndiye nilikuwa kata.

Alipomaliza aliliinua mbele ya uso wake, mbali na pua, kama alivyofundishwa. Akasema, "Twendeni."

Nikasema, "Mwalimu, niliyanusa."

Alifikiri hakusikia vizuri. Nikarudia, nikamweleza duka, mfuko, pua. Binti akauliza kwa Kiingereza kuna nini, mzee akamwambia kwa lugha yao. Yule binti akasimama. Akasema mjomba, nimeendesha tangu alfajiri, hakuna anayejua, twende.

Mwalimu akanionyesha kwa kidevu. "Anajua yeye," akasema, kwa Kiswahili, halafu kwa lugha yao.

Akaketi tena, akaanza kulifungua. Si kulikata; uzi wa mgomba alitaka ubaki. Fundo la mwisho kwanza, halafu la kabla yake. Vidole vikakataa. Fundo moja lilimchukua muda kama wa kunywa chai. Mimi nilinyoosha mkono, akanizuia bila ukali. Nililia. Nasema wazi kwamba nililia, na si kwa ajili ya mungu yeyote.

Binti alivumilia mafundo matatu. Halafu akapiga magoti, akamnyang'anya ile ncha, kama daktari anavyomnyang'anya mtu asiyejua kufunga kidonda, akaanza kufungua mwenyewe, haraka, kwa hasira. Fundo la kumi akapunguza mwendo. Akaligeuza, akaliangalia chini na juu. La ishirini akalifungua, akalifunga tena, akalifungua. Mjomba wake alikuwa anatazama vidole vyake. Mkono ukitetemeka wakati wa kufunga huoni njia. Lakini fundo lililokwisha kukazwa limetulia, na ukilifungua polepole linakuonyesha lilikopita. Mpaka ua la mwisho linatoka, mkeka umejaa asumini na mimi nimekauka machozi, yule mwanamke alikuwa analijua.

Mwalimu akamwambia neno moja. Binti akaenda kuoga. Dirishani kulikuwa na vyungu vya Mwalimu vyenye mimea yao mitakatifu, jamaa ya kivumbasi wetu, ambayo mimi niliimwagilia tu na sikuwahi kuinusa, maana haikuwa ya kununua. Mwalimu aliniuliza kwa macho kama niliinusa. Nikasema, "Hapana, hiyo hapana." Binti akachuma vijitawi, akaketi, akafunga kikoja cha majani matupu, kirefu kama kiganja. Nyuzi zile zile za Louisville. Mimi nilikaa mbali, kwenye kochi, na simu yake ikilia mapajani mwangu, hakuiomba.

Hekaluni walituonyesha meza. Kulikuwa na makoja makubwa ya nailoni. Binti hakuweka mezani. Alikwenda mpaka mlango wa chumba cha ndani, akasimama pale walipotakiwa kusimama watu wake, akanyoosha mikono. Kuhani, kijana, alikichukua bila kuuliza, akakiweka miguuni pa mungu. Nilimshika Mwalimu kiuno asianguke. Alikuwa mzito siku ile, alijiachia.

Jioni nilitegemea aniseme. Alisema, "Kesho lete zile soksi za pamba. Hizi zinawasha."

Mwaka uliofuata mume wangu alipata kazi ya kiwandani Tonawanda, tukahamia Buffalo. Nilimwachia Mwalimu dada mmoja wa Bukavu, nikamwonya kuhusu sarufi. Katikati ya baridi binti alinipigia simu kwamba mjomba amefariki. Nikamwambia pole, akasema asante. Alinieleza kwamba aliyefiwa hafungi maua ya mungu mpaka siku za msiba ziishe, akaniuliza kama nyuzi zimebaki. Zilikuwepo, kwenye mfuko, juu ya kabati.

Siku zilipokwisha alisema atakuja kwetu moja kwa moja kutoka hospitali, duka litakuwa limefungwa, je, ningeweza kumnunulia maua mapema? Nilinunua. Nilishika mfuko mbali na mwili, dirisha la gari wazi, theluji inaingia, mume wangu ananiuliza kama nina homa.

Alifika bado amevaa nguo za kazi. Akaoga bafuni kwetu, akaketi kwenye zulia, akanyoosha mkono. Nikampa mfuko. Aliufungua, akachagua ua la kwanza, akalilaza kwenye uzi wa mgomba, akazungusha.

Hakuniuliza.